Vilima vya Machakos katika Picha za Nyakati Mbili: Uhakiki wa Mandhari ya Karibu

Utangulizi

Picha za Kenya zinazojulikana mno ulimwenguni ni picha za mbugani: ndovu wa Amboseli mbele ya theluji ya Kilimanjaro, nyumbu wakivuka Mto Mara, mgunga uliosimama peke yake wakati wa machweo. Katika picha hizo mwanadamu ama hayumo kabisa, ama amewekwa pembeni kama pambo. Mwenye kuzitazama kwa muda mrefu huishia kuamini kwamba maumbile ya nchi hii yalikamilika kabla ya watu kuja, na kwamba watu walipokuja hawakuwa na la kufanya ila kuyaharibu.

Makala haya yanashughulikia picha za namna nyingine, ambazo hazikupigwa kwa ajili ya watalii. Ni picha za vilima vya Machakos zilizopigwa mwaka wa 1937 na R. O. Barnes, pamoja na zile zilizopigwa mahali pale pale mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipokuwa wakiutafiti udongo na kilimo cha wilaya hiyo. Matokeo ya utafiti wao yalitolewa mwaka wa 1994 katika kitabu kiitwacho "More People, Less Erosion", na ndani yake picha za nyakati hizo mbili zimewekwa pamoja ili msomaji alinganishe. Mahali penyewe si mbali: ni mashamba na miteremko ambayo abiria wa kutoka Nairobi huipita kwa mwendo wa saa moja na kitu bila kuigeuzia uso.

Wataalamu wa kilimo na wa jiografia wamezijadili sana picha hizo. Wahakiki wa sanaa na wa lugha hawajazitilia maanani sana, na hilo ni pengo, kwa sababu picha ni usemi. Ina msemaji, ina msemwa, na ina mambo iliyoyanyamazia. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba picha ya mandhari ya karibu haisomeki kwa macho matupu. Husomeka kwa kuijua kazi iliyofanywa juu ya ardhi ile, na kwa kujua ni ardhi gani iliyoachwa nje ya picha. Picha zinazoweza kutumiwa kumshtaki mkulima ndizo hizo hizo zilizokuja kuwa ushahidi wa kumtetea. Hata hivyo, katika mashtaka na katika utetezi, mkulima mwenyewe hakuulizwa neno.

Mandhari na shamba

Inafaa kuanza na lugha. Neno "mandhari" lilitoka katika Kiarabu, na shina lake ni lile lenye maana ya kutazama. Kwa hiyo mandhari ni kitu kinachotazamwa, na hayawezi kuwapo pasipo mtazamaji. Shamba ni jambo jingine. Shamba lipo hata kama hakuna anayelitazama, mradi yupo anayelilima. Mtu aliyezaliwa kilimani hasemi kwamba anakaa katika mandhari. Husema anakaa kwao, na akionyesha kwa kidole hutaja konde la fulani, kisima cha fulani, mahali palipoporomoka mwaka wa mvua kubwa.

Tofauti hii ya maneno ni tofauti ya mahusiano baina ya mwanadamu na maumbile. Mtazamaji huyakuta maumbile yakiwa tayari. Mlimaji huyakuta yakiwa bado. Wahenga walikwisha kulisema jambo hilo kwa habari ya vyombo vya baharini: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ya watu wa pwani yafaa kabisa bara, juu ya vilima visivyoona bahari. Mteremko wenye matuta, miti na nyasi unaoonekana kama zawadi ya Muumba umeundwa, na mara nyingi walioudunda kwa sururu bado wangali hai.

Kamera, kwa tabia yake, imo upande wa mtazamaji. Inanasa kipande kimoja cha saa moja ya siku moja, na haina namna ya kuonyesha kazi ya miaka arobaini isipokuwa kwa kurudi. Ndiyo maana mbinu ya kurudia picha ina uzito. Kule Marekani, kati ya mwaka wa 1977 na 1979, Mark Klett na wenzake waliyarudia maeneo ya magharibi yaliyokuwa yamepigwa picha na wapimaji wa serikali katika karne ya kumi na tisa, wakasimama palepale waliposimama wa kwanza. Katika mbinu hiyo maana haimo katika picha ya kwanza wala ya pili. Imo katikati, katika muda usioonekana.

Jicho la mwaka wa 1937

Picha za Barnes zinaonyesha miteremko iliyovuliwa nguo. Udongo umeachwa wazi, miti ni ya kuhesabika, na makorongo yamekata vilima kama nyufa katika ukuta wa zamani. Hakuna sababu ya kudai kwamba kamera ilisema uongo. Mmomonyoko ulikuwapo, na wenyeji wenyewe waliujua kwa njaa kabla ya ofisa yeyote kuujua kwa kipimo.

Swali la mhakiki ni jingine: picha hizo zilikuwa sehemu ya usemi gani? Katika mwaka huo huo wa 1937, Colin Maher, ofisa wa kilimo aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika taarifa kali juu ya hali ya Ukambani. Taarifa hiyo iliwaelekezea lawama wenyeji: eti wanalima ovyo, eti wana ng'ombe kupita kiasi. Katika usemi wa namna hiyo, kilima kilicho uchi ni ushahidi wa kutosha. Mtazamaji huonyeshwa jeraha, kisha huambiwa aliyejeruhi ni yule anayeishi hapo.

Lakini kila picha ina mipaka minne, na mipaka ya picha hizi inafanana mno na mipaka ya rizavu. Nje ya picha kulikuwa na Milima ya Mua, iliyotwaliwa ikapewa walowezi. Nje ya picha kulikuwa na nyanda za malisho ambazo Wakamba walizitumia zamani, na ambazo sasa zilihesabiwa kuwa mali ya serikali au ya wazungu wenye ranchi. Mfugaji aliyezoea kuhamisha mifugo wakati wa kiangazi ili nyasi zipumzike alikuwa amefungiwa mahali pamoja, naye akapigwa picha akiwa humo kifungoni. Zaidi ya hayo, katikati ya miaka ya 1930 wilaya ilikuwa imepatwa na ukame na nzige. Basi picha inaonyesha kwa pamoja matokeo ya mvua iliyokosekana, ya ardhi iliyotwaliwa na ya kilimo kisichofaa, lakini haina uwezo wa kuyatenga. Anayeyatenga ni mwenye kuandika maelezo chini yake, na mwenye kuandika alikuwa na upande.

Matokeo ya usemi huo hayakubaki katika karatasi. Mwaka wa 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe na kuwanadi, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kinahitaji ng'ombe wa bei nafuu. Mwezi wa Julai maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association, wakakaa huko kudai mifugo yao. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ikalazimika kuuacha mnada wa nguvu. Leo jina lake limo katika barabara ya Nairobi. Tukio hilo ni jibu la kwanza kwa usemi wa kilima kilicho uchi. Lilitolewa na waliokuwa ndani ya mandhari, na lilitolewa kwa miguu.

Picha ya pili

Watafiti wa miaka ya 1990 waliporudi na kusimama mahali pa Barnes, walikuta jambo lililopingana na utabiri wote. Watu wa wilaya, ikiwamo sehemu inayoitwa Makueni leo, walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka wa 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka wa 1989. Kwa hesabu ya Maher na wenzake, vilima vilipaswa kuwa vimekwisha. Kumbe miteremko iliyokuwa imechanika ilikuwa imekatwa matuta yaliyofuata mzingo wa kilima, miti ilikuwa imezunguka nyumba na kusimama mipakani mwa mashamba, na makorongo mengi yalikuwa yametulia.

Mhakiki makini hana budi kuuliza maswali ya kawaida ya mbinu hii. Picha zilipigwa mwezi gani? Ukambani hunyesha mara mbili kwa mwaka, kati ya Oktoba na Desemba na tena kati ya Machi na Mei. Kilima cha mwishoni mwa Novemba na kilima cha Septemba huonekana kama nchi mbili. Majani mabichi peke yake, basi, si ushahidi. Lakini tuta haliletwi na mvua ya msimu mmoja, wala mwembe haukomai kwa mwaka. Vitu hivyo ndivyo vinavyoipa picha ya pili nguvu yake, kwa kuwa ni vitu vinavyobeba muda ndani yake. Tena watafiti hawakutegemea picha za ardhini tu. Walilinganisha pia picha zilizopigwa kutoka angani mwaka wa 1948, 1961 na 1978, ambamo matuta yaweza kuhesabiwa mteremko baada ya mteremko.

Picha ya pili inaugeuza usemi wa kwanza. Ongezeko la watu, lililotajwa kama ugonjwa, linaonekana kuwa sehemu ya dawa: palipo na mikono mingi matuta huchimbwa, palipo na ardhi haba kila pembe hutunzwa, na palipo na soko la karibu kama Nairobi kahawa, matunda na mboga hulipa gharama ya kazi. Katika usemi huu mwanadamu si adui wa maumbile. Ni mmojawapo wa wajenzi wake, na kilima cha leo hakiwezi kuelezwa bila yeye.

Jina lililo kitenzi

Kwa msomaji wa lugha, jambo lenye mvuto kuliko yote katika picha hizo ni kitu kinachoonekana kama mistari tu juu ya mteremko. Kitu hicho huitwa "fanya juu". Mkulima huchimba mtaro kuufuata mzingo wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu, ukawa ukingo. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka hukwama nyuma ya ukingo. Mwaka hata mwaka sehemu iliyo baina ya kingo mbili hujaa na kulala, hata mteremko ukawa ngazi. Juu ya ukingo hupandwa nyasi za kuushika, kama vile nepia, na nyasi hizo huwa malisho ya ng'ombe. Kuna na "fanya chini", ambapo udongo hutupwa upande wa chini. Kazi yake ni nyepesi, na ngazi yake huchelewa kutokea.

Vitabu vya uhandisi wa udongo ulimwenguni vimelichukua jina hilo kama lilivyo. Wanafunzi wa mabara mengine, wasiojua neno jingine la Kiswahili, hulisoma "fanya juu" wakidhani ni nomino ya kawaida. Kumbe ni kitenzi, tena kitenzi cha kuamuru. Lugha nyingi huviita vitu vya mandhari kwa maumbo yake. Hapa kitu kimeitwa kwa kazi yake. Anayelitamka jina analirudia agizo la kuinua udongo.

Umbo hilo la amri lina historia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ya matuta ilikuwa ya lazima katika rizavu nyingi, nayo ilichukiwa. Huko Murang'a wanawake waliikataa waziwazi mwaka wa 1947. Ukambani matuta yalichimbwa kwa shuruti katika miaka hiyo pia, na baadhi yake yakaachwa yabomoke shuruti ilipolegea. Jambo la kustaajabisha ni lililofuata. Baada ya uhuru, pasipo mnyapara, watu walirudi kuchimba, na katika miaka ya 1960 hadi 1980 matuta yakaenea kupita yale ya ukoloni. Amri ilibaki katika jina, mwamuru akaondoka. Walioyachimba walikuwa hasa vikundi vya mwethya, yaani utaratibu wa Wakamba wa kusaidiana kazi shambani kwa zamu, na wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake, kwa kuwa waume wengi walikuwa mjini kwa kazi ya mshahara.

Hapa ndipo lugha inapoishinda kamera. Picha ya pili inaonyesha tuta. Jina la tuta linaonyesha tendo. Mtu asiyelijua jina anaweza kuisifu mistari kwa uzuri wake na kuipita. Anayelijua anaona migongo iliyoinama.

Upungufu wa picha mbili

Pamoja na sifa hizo, picha za nyakati mbili zina upungufu usiofaa kufichwa. Kwanza, zina majina ya mahali, ya mwaka na ya waliozipiga, lakini aliyelichimba tuta hana jina. Ofisa wa kikoloni alimwona kama mharibifu asiye na jina. Mtafiti wa baadaye alimwona kama mjenzi asiye na jina. Heshima imeongezeka, umbali umebaki.

Pili, picha ya kilima chenye matuta haisemi kilima ni cha nani. John Murton, aliyefanya utafiti wake Mbooni na kuutoa mwaka wa 1999, alionyesha kwamba neema ya Machakos haikugawanyika sawa. Waliokuwa na mshahara wa mjini waliweza kununua ardhi na mbolea, na wasiokuwa nao waliona mashamba yao yakidogoka na mavuno yakipungua. Mteremko mmoja waweza kuwa na tuta la tajiri na tuta la maskini, na kutoka ng'ambo ya bonde yote mawili ni mstari. Anayeifurahia picha ya pili kama hadithi iliyokwisha vizuri anafanya kosa la ndugu na lile la mwaka wa 1937: anauachia mwonekano wa nchi ueleze hali ya wenye nchi.

Tatu, na hili ni la sanaa yenyewe, kamera zote mbili zilitoka nje. Wenyeji walikuwa na kamera zao mapema, lakini hawakuzielekeza kilimani. Wapiga picha wa mitaani nchini walipendelea kuwasimamisha watu mbele ya pazia lililochorwa. Wale wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijulikana katika miaka ya 1990 kwa mapazia ya meli na ndege, ilhali bahari na meli zenyewe zilikuwa hatua chache nyuma yao. Haifai kuwacheka. Aliyepigwa picha mbele ya ndege alitaka kuonyesha anakotamani kufika. Anapotoka palijulikana, na hapakuhitaji ushahidi. Penye miti hapana wajenzi. Lakini kilichoachwa bila picha na wenyewe kilipigwa picha na wengine, nao wakakiandikia maelezo wapendavyo.

Mto wa mchanga

Siku hizi hali ya vyombo imebadilika, kwa kuwa simu yenye kamera imo mfukoni mwa mtu wa kawaida shambani. Swali la nani atakayeipiga picha mandhari ya karibu si la nadharia tena, na mfano ulio wazi ni mito ya Machakos na Makueni. Mito hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia pana ya mchanga. Mgeni akiipiga picha ataiita mito iliyokufa. Mwenyeji anajua kwamba maji yamo chini, yamehifadhiwa na mchanga huo huo dhidi ya jua, na kwamba ukifukua utayapata. Kwa ujuzi huo ndiyo yakajengwa mabwawa ya mchanga: ukuta mfupi wa mawe na saruji hukatiza mto, mchanga hujaa nyuma yake, na ndani ya mchanga hukaa maji.

Mchanga huo unatakikana Nairobi kwa ujenzi. Malori huuchota, mto hushuka, kingo huporomoka, na visima hukauka. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015, lakini sheria huhitaji ushahidi. Kwa jicho la mtazamaji wa mbali, mto kabla ya kuchotwa na mto baada ya kuchotwa ni picha moja: ukavu na ukavu. Ni mkazi tu awezaye kusimama palepale kila mwaka, mwezi ule ule baada ya mvua, akapiga picha ya ukuta wa bwawa na kuonyesha kwamba mchanga uliofika kifuani mwa ukuta sasa umefika miguuni. Picha hiyo haitapata tuzo. Lakini ni picha iliyopigwa na anayejua kilicho chini ya kinachoonekana, nayo yaweza kuokoa kisima.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba picha za Machakos za mwaka wa 1937 na za miaka ya 1990 ni semi mbili juu ya uhusiano wa mwanadamu na maumbile, ya kwanza ikimshtaki na ya pili ikimtetea, na kwamba zote mbili zilisomwa pasipo yeye. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili, kwa jina moja la kitenzi, kimehifadhi kuhusu kilima hicho habari ambayo kamera haikuweza kuihifadhi.

Kazi inayowangojea wahakiki na walimu wa lugha ni ya kawaida, wala haihitaji fedha nyingi. Wazee waliochimba matuta katika miaka ya 1950 na 1960 ni wachache sasa. Picha za zamani zipelekwe kwao, wazitazame, waseme kwa Kikamba na kwa Kiswahili ni konde la nani, lilichimbwa mwaka gani, na mwethya wa nani uliolichimba. Maneno yao yaandikwe chini ya picha, mahali palipoandikwa zamani mahali na mwaka tu.